Barabara ya Mrima na Mgao: Tarikhi ya Njia Iliyongojea Fedha

Mwambao ulio kusini ya mto Rufiji, hata kufika Ruvuma, wenyeji wa pwani waliuita Mgao, nao ulio kaskazini yake wakauita Mrima. Majina hayo mawili yaonyesha kwamba mto ule ulihesabiwa kuwa mpaka. Hata hivyo watu wa Kilwa wa zamani hawakuona dhiki kwa sababu ya mpaka huo. Njia zao zilikuwa mbili: bahari kwa majahazi, na bara kwa misafara. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikashuka Kilwa Kivinje na pembe na watumwa, na kutoka hapo vyombo vikaelekea Unguja. Haja ya njia ya nchi kavu kwenda kaskazini ilizaliwa baadaye, Dar es Salaam ilipofanywa makao ya serikali ya Wadachi mwaka 1891. Tangu hapo Kilwa na Lindi, zilizokuwa vichwa vya njia zao wenyewe, zikawa ncha za njia ya mji mwingine.

Mpango mkubwa wa kwanza haukuwa wa barabara bali wa reli. Katika miaka ya 1904 na 1905 Paul Fuchs alichunguza uchumi wa nchi ambayo reli ya kusini ingepita, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Mwaka huo huo wa 1905, mwezi wa Julai, Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Fedha za reli zilielekezwa kwenye Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na reli ya kusini ikabaki katika karatasi.

Wakati wa Waingereza mambo yaligeuka: fedha zilitangulia na maarifa yakafuata nyuma. Mpango wa karanga uliotangazwa baada ya Vita Kuu ya Pili uliichagua Nachingwea kuwa moja ya mashamba yake. Kwa ajili hiyo reli ikajengwa kutoka pwani, na bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunjwa tangu 1951, na zaidi ya pauni milioni 35 zikafutwa katika hesabu za Uingereza. Reli ikawa haina mzigo wa kutosha. Ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Hivyo Kusini ilipata bandari nzuri, ikakosa njia ya kuilisha.

Baada ya uhuru barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Kibiti, Kilwa na Lindi ilikuwa dawa iliyotajwa daima. Ni mwendo wa kiasi cha kilometa 450, na sehemu zake zilizo mbaya kuliko zote zilikuwa katika bonde la Rufiji na kusini yake, ambako udongo wa mfinyanzi hunasa magari wakati wa masika. Abiria walivuka mto kwa pantoni, na mvua ilipozidi walingoja. Mwenye korosho alichelewa kuuza. Mwenye mgonjwa alichelewa kufika hospitali. Na mwenye duka alipandisha bei.

Hapana fungu moja la fedha lililotosha kwa njia yote. Kwa hiyo ilikatwa vipande, na kila kipande kikatafutiwa mlipaji wake. Daraja la Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilijengwa kwa mikopo ya Mfuko wa Kuwait na Mfuko wa OPEC pamoja na fedha za Serikali ya Tanzania, likafunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa. Vipande vya kusini, kutoka Nangurukuru hadi Mingoyo, vilitiwa lami kwa fedha za Serikali. Lakini kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga, papo hapo ng'ambo ya daraja, zilibaki bila lami kwa zaidi ya miaka kumi. Kipande hicho kilifunguliwa rasmi mwezi wa Machi 2017.

Mpangilio huu una kanuni yake. Fedha zikichelewa, mitambo husimama. Mitambo ikisimama, masika huyakuta matuta ya udongo yasiyofunikwa na kuyabomoa. Kazi ile ile hulipwa mara ya pili, na bei zimekwisha panda. Tena mpangaji huacha kuuliza ni kipande gani chenye haja zaidi, akauliza ni kipande gani kilichopata mkopo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini methali hiyo haifai kwa barabara. Unga wa nusu kibaba hupikwa ukaliwa. Barabara iliyokosa kilometa 60 katikati haimfikishi mtu. Gharama ya daraja ilikwisha lipwa, na faida yake nzima ikangojea tope la Somanga.

Wala kumaliza kujenga si kumaliza kulipa. Mwezi wa Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, maji yalivunja madaraja na makalvati katika wilaya ya Kilwa, na Lindi na Mtwara zikakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Wasafiri walijikuta tena katika hali waliyoizoea wazazi wao. Tarikhi hii yafundisha kwamba matengenezo nayo ni sehemu ya mpango, na kwamba mpango usiotengewa fedha za masika ya mbele ni nusu ya mpango. Rufiji wenyewe ulivukwa mwaka 2003. Mpaka wa Mrima na Mgao ulioendelea baada ya hapo haukuwa wa mto, ulikuwa wa hazina.