Usahihi wa Kutambua Mahali katika Njia ya Misafara: Tabora, Ugunda na Sikonge, 1857–1874

Mifumo ya kutambua mahali kwa alama za mawimbi ya redio hutegemea ulinganisho. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwanza katika sehemu zinazojulikana na kuhifadhiwa katika jedwali. Kisha simu hulinganisha inachopokea na jedwali hilo. RADAR, mfumo uliotangazwa na watafiti wa Microsoft mwaka 2000, ulifikia kosa la takriban mita 2 hadi 3 ndani ya jengo. Makala hii inadai kwamba tatizo la msingi la mifumo hiyo lilikwisha kujitokeza Unyamwezi katika karne ya 19, na kwamba athari zake bado humkabili anayetafuta kambi za kale wilayani Sikonge.

Burton na Speke walifika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857. Kronomita zao ziliwaharibikia safarini, hata ikabidi sekunde zihesabiwe kwa risasi iliyoning'inizwa kwenye uzi wa inchi 39. Ili kupata longitudo, Speke alipima pembe kati ya mwezi na nyota, kisha akailinganisha na majedwali ya almanaki yaliyopangwa kwa saa za Greenwich. Mwezi husogea mbele ya nyota takriban nusu digrii kwa saa. Kwa hiyo kosa la dakika 1 ya pembe huzaa kosa la dakika 2 za wakati, sawa na nusu digrii ya longitudo: kwa Tabora, kilomita 55 hivi. Kutoka Tabora hadi Sikonge ni takriban kilomita 70. Katika latitudo, kosa hilohilo halifikii kilomita 2. Ramani za wakati huo, basi, zinaaminika kaskazini-kusini. Mashariki-magharibi ni makisio, ingawa yamechorwa kwa wino uleule.

Dawa ilikuwa kurudia vipimo, kwa nyota za pande zote mbili za mwezi, ili makosa ya chombo yafutane. Cameron, afisa wa jeshi la majini aliyekaa Unyanyembe mwaka 1873 na kufika Ujiji Februari 1874, aliimudu kazi hiyo. Lakini marudio yalihitaji kituo cha siku nyingi. Kambi za usiku mmoja ziliwekwa ramanini kwa dira na saa za mwendo tu. Ugunda, kusini-magharibi mwa Tabora, iliathirika hasa, kwani vita vya Mirambo viliisukuma misafara huko, ukiwamo wa Stanley wa Septemba 1871.

Kirangozi naye alikuwa na jedwali lake kichwani: visima, mbuga, miti, majina ya watemi. Lilijengwa kwa safari nyingi, nalo lilichakaa pia, maana kijiji kilichoitwa kwa jina la mtemi kiliweza kuhama pamoja na jina hilo, kama vile mtambo wa mawimbi unapohamishwa na jedwali lake likabaki la zamani. Visima havikuhama kirahisi hivyo. Kwa kambi za Ugunda, inapendekezwa mtafiti aanze na latitudo, afuatishe maji na saa za mwendo, kisha majina. Longitudo iliyochapishwa iwe ya mwisho.