Mkulima Asiyelima

Mtu akiambiwa kuna bustani ya mboga isiyoguswa na jembe, Kiswahili chenyewe humkatalia. Mkulima ni anayelima, kilimo ni kazi ya kulima, na kulima, kwa maana yake ya kwanza, ni kupiga jembe ardhini. Jembe limo hata katika ngao ya taifa la Tanzania, na mtu hodari kazini husifiwa kuwa "jembe". Ukisema "bustani bila kulima", msikilizaji anaona magugu yaliyofika magotini na mwenye nyumba amelala mkekani.

Wanaotafsiri harakaharaka hukimbilia "bustani bila kuchimba". Inaeleweka, lakini inachekesha. Kinachochimbwa ni kisima, choo, kaburi, dhahabu. Tuta la mchicha halichimbwi. Bibi aliye bustanini analilima, au akitaka kutaja kitendo chenyewe, analitifua.

Hilo ndilo neno. Kutifua ni kuuvunja na kuugeuza udongo ulioshikana ili uwe mwepesi, upitishe maji na hewa. Ndugu yake ni tifutifu, sifa ya ule udongo ambao watoto hufundishwa shuleni kuwa unafaa kwa mazao mengi. "Bustani bila kutifua" inataja kile hasa kinachoachwa. Kupanda kupo, kupalilia kupo, mbolea ipo. Kilichoondoka ni kupindua udongo.

Ila udongo huo hautakiwi ubaki mgumu. Unatifuliwa na wengine. Mwaka 1881 Charles Darwin alitoa kitabu kizima kuhusu nyungunyungu, akaonyesha jinsi wanavyovuta majani chini na kupandisha udongo juu mwaka baada ya mwaka. Jembe likipita hubomoa njia zao, hukata nyuzi za kuvu zinazoisaidia mizizi kupata maji na madini, kisha huleta juu mbegu za magugu zilizokuwa gizani. Mbegu nyingi kati ya hizo husubiri mwanga tu ziote. Kwa hiyo anayetifua ili aondoe magugu mara nyingi anayapanda.

Ruth Stout, mkulima wa bustani wa Connecticut, Marekani, aliifikia njia hii ya kutotifua kwa kuchoka kusubiri. Majira ya kuchipua ya 1944 mtu wa kumlimia kwa plau hakuja kwa wakati, naye akapanda vivyo hivyo. Kitabu chake cha 1955 kilivutia wengi, hasa waliokuwa na migongo mibovu. Huko Somerset, Uingereza, Charles Dowding ameifuata njia hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa miaka mingi amelinganisha matuta mawili yaliyo jirani, yenye mboji ileile, moja likitifuliwa na jingine likiachwa. Kwa jumla lililoachwa limetoa mavuno zaidi, ingawa si kwa kila zao.

Tofauti ya wawili hao inaligusa neno la pili, matandazo, yaani kile kinachotandazwa juu ya udongo. Kwa Stout matandazo ni nyasi kavu, kina cha sentimita 20 hivi. Dowding hutandaza mboji yenyewe, kwa kuwa katika unyevunyevu wa Uingereza nyasi huwa maficho ya konokono wasio na gamba, wanaokula miche usiku. Penye jua la Dodoma hoja hiyo haina nguvu; adui pale ni ukavu, na nyasi hulinda maji. Anayesoma maelekezo ya Somerset akayafuata neno kwa neno Dodoma atashangaa mboji yake ikikauka juu kama unga.

Wahaya wa Kagera hawakungoja istilahi. Kwa vizazi wamekata nyasi za rweya, yale malisho ya wazi, wakazitandaza chini ya migomba ya kibanja, shamba linalozunguka nyumba, pamoja na samadi na mabaki ya jikoni.

Nyumbani, kazi ni ya asubuhi moja. Nyasi hufyekwa hadi chini. Maboksi yaliyobanduliwa utepe na pini hulowanishwa na kulazwa yakipandana kingo, ili mwanga usipenye. Juu yake humwagwa mboji iliyoiva, sentimita 10 hadi 15. Samadi mbichi huunguza mizizi. Miche ya sukuma wiki hupandwa siku hiyohiyo, na mchicha husiwa juu ya mboji, nyasi za kutandaza zikisubiri hadi uote. Penye mchwa, boksi halidumu. Majani ya mgomba yaliyopangwa tabaka kwa tabaka hushika nafasi yake, nayo huongezwa yanapoliwa.

Gugu la ndago ni kesi nyingine. Hutoboa boksi kwa ncha yake kama sindano, wiki ya pili tu. Hapo mkono hushuka na kijiti chenye ncha, ung'oe kila chipukizi linapochungulia, tena na tena, hadi viazi vyake vya chini viishiwe akiba. Anayekimbilia jembe kwa hasira huvikatakata viazi hivyo na kuvitawanya tuta zima.