‘Dawa’ za dizeli: Kinachosaidia na kisichosaidia injini kuukuu

Na Mwandishi Wetu, Mbebe

MMILIKI wa gari au mashine ya kusaga yenye injini kuukuu ya dizeli hana budi kutambua chanzo cha hitilafu kabla ya kununua kiongeza cha mafuta, maarufu kwa jina la ‘dawa’, kwa kuwa hakuna kiongeza kinachoweza kurudisha chuma kilichokwisha kulika.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika kata kama Mbebe, wilayani Ileje, Mkoa wa Songwe. Katika maeneo ya milimani kama haya, injini ya dizeli ikisimama, mahindi hayasagwi na mazao hayafiki sokoni. Fundi wa pampu na spea za uhakika kwa kawaida hutafutwa Tunduma au jijini Mbeya, hivyo chupa ya dawa inayouzwa dukani huonekana kuwa njia nyepesi.

Injini kuukuu zinazozungumzwa hapa ni zile ambazo pampu yake ya kusukuma mafuta kwenye nozo huendeshwa kwa mitambo mitupu, bila kompyuta. Pampu hizo ziko za aina mbili kuu, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama kiongeza kina kazi ya kufanya.

Aina ya kwanza ni pampu ya mstari, ambayo hupatikana katika malori mengi ya zamani. Kila silinda ina kisukumio chake, na sehemu ya chini ya pampu hulainishwa kwa oili ya injini. Aina ya pili ni pampu ya mzunguko, ambayo kichwa chake kimoja hugawa mafuta kwa silinda zote. Pampu hiyo imo katika Toyota Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, na katika Land Rover za 300Tdi. Haina oili yake. Hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake.

Kwa sababu hiyo, dizeli kavu isiyo na ulainishaji wa kutosha huanza kwa kuila pampu ya mzunguko.

Ulainishaji na salfa

Kwa miaka mingi dizeli ilikuwa na salfa nyingi. Salfa huchafua hewa na kuzalisha tindikali inayokula injini, hivyo nchi nyingi zimeipunguza. Tanzania na majirani zake wa Afrika Mashariki walianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Kabla ya hapo kiwango kilichoruhusiwa nchini kilikuwa sehemu 500.

Salfa yenyewe si kilainishi kizuri kama wengi wanavyoamini. Kinachotokea ni kwamba usafishaji wa kuiondoa kwa kutumia haidrojeni huondoa pia chembechembe nyingine za asili ambazo ndizo hulainisha chuma. Sweden iliyapata madhara hayo mapema: ilipoleta dizeli yenye salfa kidogo sana mwaka 1991, pampu za magari zilianza kuharibika, na kampuni za mafuta zikalazimika kuongeza kilainishi.

Nchini Marekani, kiwango cha sehemu 500 kilipoanza kutumika Oktoba 1993, baadhi ya magari ya zamani yalianza kuvuja mafuta kwenye pampu. Mipira ya zamani, iliyokwisha kuvimba kwa kuzoea mafuta ya awali, ilisinyaa ilipokutana na mafuta mapya.

Tangu wakati huo ulainishaji wa dizeli hupimwa maabara. Kitufe cha chuma husuguliwa ndani ya mafuta yenye nyuzijoto 60, kisha alama ya mkwaruzo hupimwa. Kiwango cha Ulaya hakiruhusu mkwaruzo unaozidi mikroni 460. Dizeli inayokidhi kipimo hicho huwa imekwisha kuwekewa kilainishi kabla ya kufika kituoni, na mwenye gari hahitaji kuongeza kingine.

Kazi ya kila dawa

Viongeza vilivyoko sokoni hutofautiana. Kuna vya kulainisha, vya kusafisha masizi kwenye nozo, vya kuharakisha mafuta kuwaka, vya kutenganisha maji na vya kuua vijidudu vinavyoota kwenye tangi lenye maji.

Kiongeza cha kusafisha kinaweza kusaidia nozo iliyochafuka kidogo, lakini hakiwezi kutengeneza nozo iliyopanuka tundu. Cha kuharakisha uwakaji kinaweza kupunguza mlio wa kugonga injini inapowashwa asubuhi ya baridi, lakini hakirudishi mgandamizo uliopotea kwa kulika ringi. Viongeza vyenye madini, kama vile chuma au manganizi, huacha majivu ndani ya injini, na watengenezaji wa magari duniani wamekuwa wakivipinga.

Rangi ya moshi husaidia kutambua ugonjwa. Moshi mweusi huashiria mafuta mengi kuliko hewa, pengine kwa sababu ya chujio la hewa lililoziba au nozo mbovu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikipata joto huashiria mafuta yasiyowaka vizuri au maji ya kupoozea yanayoingia kwenye silinda.

Katika milima ya Ileje, mwinuko nao huchangia. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Pampu iliyopimwa pwani inaweza kutoa moshi mweusi huku juu ingawa ni nzima. Tiba yake ni fundi kupunguza kipimo cha mafuta.

Michanganyiko ya hatari

Baadhi ya watumiaji hujitengenezea dawa wenyewe. Oili chafu huingiza majivu na unga wa chuma kwenye pampu. Petroli huondoa ulainishaji, na pia huyafanya mafuta ya tangi kuwa rahisi kulipuka. Mafuta ya taa ni mepesi na hulainisha kidogo kuliko dizeli.

Mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa kiini cha uchakachuaji nchini, kwa kuwa yalitozwa kodi ndogo. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini, jukumu ambalo baadaye lilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli.

Vinasaba hivyo husaidia pia kubaini mafuta ya kwenda nje yanayoshushwa nchini kinyemela, jambo lenye maana katika njia kuu ya malori inayopita Tunduma kwenda Zambia na Kongo.

Kuanzia wapi

Kwa mwenye mashine anayenunua dizeli kwa pipa au dumu, adui wa kwanza ni maji na vumbi. Pipa lifunikwe na mvua isilifikie, mafuta yaachwe yatulie kabla ya kutumika, yasichotwe hadi chini kabisa, na yachujwe yanapomiminwa. Maji yaliyokusanyika kwenye chujio yatolewe mara kwa mara, na chujio libadilishwe kwa wakati.

Baada ya hapo ndipo zifuate nozo, mgandamizo na muda wa pampu, vipimo ambavyo fundi mwenye vifaa anaweza kuvifanya.

Kilainishi kina nafasi kwa mwenye pampu ya mzunguko asiye na hakika ya mafuta anayoyapata. Anunue chenye maelezo ya kiasi cha kuchanganya, na asizidishe. Kwa injini nyingine nyingi, fedha ya chupa kadhaa za dawa ingefaa zaidi kununulia chujio jipya na dizeli yenye risiti kutoka kituo kinachoaminika.