Samadi kwa Amri
Kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, kabla hata ya Bariadi kuwa wilaya, nchi hii ilikuwa chini ya Maswa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Mwingereza iliamuru Usukuma wote: matuta yalimwe kuzuia maji, samadi itiwe shambani, ng'ombe wapunguzwe. Mkaidi alitozwa faini. Pima mwenyewe, msomaji: ng'ombe wakipungua, samadi itoke wapi? Shauri la samadi halikuwa baya. Udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, huchoka upesi kwa pamba. Lakini Uhuru ulipofika 1961, amri zilikwisha kufa na matuta mengi yakaachwa. Sisi walimu tukabaki kuwafundisha watoto, kwa chaki, jambo ambalo baba zao walilitozwa faini.