Orodha, Redio na Mtandao: Wahafidhina wa Marekani Walivyojijenga Upya

Wahafidhina wa Marekani wamepigwa vibaya katika uchaguzi wa rais mara mbili ambazo bado zinazungumzwa, mwaka 1964 na mwaka 2008. Mara zote mbili, walioanza kuwainua tena walikuwa watu waliojali majina na anwani za wafuasi kuliko walivyojali hotuba. Historia ya zana walizozitumia, kuanzia barua ya posta hadi mtandao wa kijamii, inaeleza kwa nini harakati hizo zilirudi na nguvu, na pia kwa nini viongozi wa chama cha Republican walioomba zana hizo ziletwe hawakuweza kuzidhibiti zilipofika.

Novemba 1964 mgombea wao, Barry Goldwater, Seneta wa Arizona, alipata majimbo 6 tu, huku Lyndon Johnson akichukua 44. Wachambuzi wengi waliuhesabu uhafidhina kuwa umezikwa. Kijana mmoja kutoka Texas, Richard Viguerie, aliona jambo jingine. Sheria ya wakati huo ilitaka majina ya waliochangia kampeni dola 50 au zaidi yawekwe wazi katika ofisi ya Karani wa Baraza la Wawakilishi. Viguerie alikwenda huko, akaanza kuyanakili kwa mkono, kisha akaajiri wasaidizi waendelee na kazi hiyo. Walipofikia majina kama 12,500 alikuwa na mtaji wa kutosha, na mwaka 1965 akafungua kampuni ya kutuma barua za kisiasa moja kwa moja majumbani.

Thamani ya barua hizo haikuwa katika maneno yake pekee. Kila barua iliomba mambo mawili, saini na mchango mdogo, na kila aliyejibu alikuwa amejitambulisha: anajali suala gani, anatoa kiasi gani, anastahili kuandikiwa tena lini. Suala la Mfereji wa Panama linaonyesha vizuri. Rais Jimmy Carter alipotia saini mikataba ya kuurudisha mfereji huo kwa Panama mwaka 1977, ofisi ya Viguerie na makundi rafiki walituma mamilioni ya barua za kupinga. Mwaka uliofuata Seneti iliidhinisha mikataba hiyo kwa kura 68 dhidi ya 32. Bungeni wahafidhina walikuwa wameshindwa, lakini orodha zao zilikuwa zimejaa majina mapya ya watu waliokwisha kutoa pesa kwa hasira. Miaka miwili baadaye Ronald Reagan alishinda majimbo 44, na kati ya waliomsukuma walikuwamo watu ambao siasa ilikuwa imewaingilia nyumbani ndani ya bahasha.

Redio ilifuata. Mwaka 1987 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliacha kutekeleza kanuni iliyovitaka vituo vya utangazaji kuzipa pande zote nafasi ya haki katika masuala yenye ubishi. Agosti 1988 Rush Limbaugh alianza kusikika nchi nzima, na saa tatu za kila mchana zikawa darasa la siasa kwa madereva wa malori, wauza duka na wastaafu. Chama cha Republican kilipotwaa Baraza la Wawakilishi mwaka 1994, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, wabunge wapya walimshukuru Limbaugh hadharani.

Kwenye mtandao pia wahafidhina hawakuchelewa, ingawa baadaye walipenda kusema kwamba walichelewa. Mwaka 1993 taasisi ya Heritage Foundation na jarida la National Review walifungua Town Hall, ukumbi wa mijadala ndani ya huduma ya CompuServe, wakati ambapo Wamarekani wengi hawakuwa wamewahi kuona tovuti. Tovuti ya mijadala ya Free Republic ilianza California mwaka 1996. Januari 1998 Matt Drudge, kupitia tovuti yake, aliwatangulia wahariri wa magazeti kutangaza habari ya Rais Bill Clinton na Monica Lewinsky. Septemba 2004, kituo cha CBS kilipoonyesha nyaraka kuhusu utumishi wa jeshini wa George W. Bush, wasomaji wa Free Republic na blogu kadhaa walihoji mara moja kama nyaraka hizo zilipigwa kwa taipureta ya miaka ya 1970. CBS ililazimika kukiri kwamba haikuweza kuzithibitisha.

Yote hayo yalikuwa mafanikio ya kusema na kushambulia. Kuwapanga watu, kukusanya pesa na kupeleka wajitoleaji mitaani ni kazi nyingine, na hapo upande wa pili ulipita mbele. Howard Dean aliwakutanisha wafuasi wake kupitia tovuti ya Meetup katika kinyang'anyiro cha 2003 na 2004 cha kuwania tiketi ya urais ya Democratic. Mwaka 2004 ikazaliwa ActBlue, mfumo mmoja wa kuchangia wagombea wote wa chama cha Democratic. Barack Obama akaja kuvuna. Kampeni yake ya 2008 ilikusanya takriban dola nusu bilioni mtandaoni na kumaliza ikiwa na orodha ya anwani za barua pepe zipatazo milioni 13. John McCain, mpinzani wake, alikiri mwaka huohuo kwamba bado alikuwa anajifunza kuingia mtandaoni mwenyewe.

Dalili kwamba wahafidhina nao wangeweza ilikuwapo, lakini ilitoka pembeni. Wafuasi wa Ron Paul, mbunge wa Texas ambaye wakuu wa chama hawakumchukulia kwa uzito, walifanya harambee ya siku moja mtandaoni tarehe 5 Novemba 2007 na kupata zaidi ya dola milioni 4. Desemba 16, kumbukumbu ya siku ambayo wakoloni wa Boston walitupa chai ya Waingereza baharini mwaka 1773, walipata takriban dola milioni 6. Harambee hizo hazikubuniwa na makao makuu ya kampeni. Wafuasi walizianzisha na kuzisimamia wenyewe. Chama kingeliangalia jambo hilo kwa makini, kingejua mapema upepo unavumia wapi.

Obama alishinda kwa kura 365 za wajumbe dhidi ya 173. Siku chache tu baadaye kundi la wanaharakati vijana, wakiongozwa na Patrick Ruffini na Mindy Finn, waliofanya kazi za mtandaoni katika kampeni za chama, walitoa mpango walioupa jina Rebuild the Party. Ruffini alikuwa amesimamia tovuti ya kampeni ya Bush mwaka 2004, kwa hiyo hakuwa mgeni aliyelalamika kutoka nje. Mpango wao wa hoja 10 ulitaka mtandao uwe kipaumbele cha kwanza cha chama kwa miaka 4, waandikishwe wanaharakati wapya milioni 5 mtandaoni, wagombea wasimamishwe katika majimbo yote 435 ya uchaguzi, na vijana wapewe nafasi. Waliwabana waliogombea uenyekiti wa kamati ya taifa ya chama watamke hadharani kama wanaukubali. Walioukubali walikuwa wengi. Michael Steele alichaguliwa mwenyekiti Januari 30, 2009.

Waandishi wa mpango huo waliona sawasawa kwamba mtandao si idara ya kuwekwa kwenye chumba cha nyuma cha ofisi. Unapaswa kubadilisha namna kampeni nzima inavyofanya kazi. Ambalo hawakuliona ni kwamba ufufuo haungesubiri idhini ya kamati yoyote. Februari 19, 2009 Rick Santelli, mtangazaji wa CNBC, akiwa kwenye soko la bidhaa la Chicago, alilaani mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye mikopo ya nyumba na kutaka ifanyike karamu ya chai. Video hiyo ilisambaa siku hiyohiyo. Wahafidhina waliokuwa wamekwisha kujipanga kwenye Twitter chini ya alama moja ya pamoja, #tcot, walikubaliana tarehe, na Februari 27 maandamano madogo yalifanyika katika miji kadhaa kwa wakati mmoja. Aprili 15, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, yalifanyika katika mamia ya miji.

Tea Party, kama harakati hizo zilivyojiita, haikuwa na mwenyekiti wala ofisi kuu. Mashirika yenye fedha kama FreedomWorks yalisaidia kwa mafunzo na mabasi, nayo televisheni ya Fox News ikayatangaza maandamano hayo kwa bidii. Lakini uti wa mgongo wa harakati ulikuwa mamia ya vikundi vya mitaa: mama wa nyumbani mwenye ukurasa wa Facebook, mstaafu mwenye orodha ya barua pepe za majirani, mikutano ya simu ya kila wiki ambako vikundi vya mbali vilipeana mbinu. Wengi hawakuwa wamewahi kuhudhuria mkutano wa kisiasa. Zana ziliwapa kitu ambacho barua ya Viguerie haikuwapa, uwezo wa kuonana wao kwa wao. Mpokeaji wa barua alijibu makao makuu, na hakujua kwamba jirani yake pia amejibu.

Nguvu hiyo ilipimwa Massachusetts. Kiti cha Seneti kilichokuwa cha Edward Kennedy tangu 1962 kilibaki wazi alipofariki, na Scott Brown wa Republican alipewa nafasi ndogo sana katika jimbo lile la Wademocrat. Januari 11, 2010 kampeni yake iliitisha harambee ya mtandaoni ikilenga dola 500,000. Siku ilipoisha zilikuwa dola milioni 1.3, kutoka kila pembe ya nchi. Wiki moja baadaye alishinda. Novemba mwaka huo Republican waliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi.

Upanga huo ulikata pande zote mbili. Mei 2010 wajumbe wa chama huko Utah walimwangusha Seneta wao Bob Bennett, mhafidhina wa miaka mingi, kwa sababu aliunga mkono msaada wa serikali kwa mabenki. Juni 2014 Eric Cantor wa Virginia, kiongozi wa wabunge wa Republican, alishindwa katika kura za maoni na profesa wa uchumi, Dave Brat, ambaye kampeni yake ilikuwa na fedha kidogo mno ukilinganisha na mamilioni ya Cantor.

Makao makuu ya chama, kwa upande wake, yalijifunza kwa uchungu. Kampeni ya Mitt Romney ya 2012 ilitengeneza mfumo ulioitwa ORCA: wajitoleaji zaidi ya 30,000 wangekaa vituoni na kuripoti kwa simu nani amekwisha kupiga kura, ili wasiofika wafuatwe nyumbani. Mfumo ulikuwa umetengenezwa kwa siri na kwa haraka, bila kujaribiwa ukiwa umebeba mzigo halisi wa siku ya kura. Asubuhi ya Novemba 6 wengi waligundua kwamba namba zao za siri hazifanyi kazi. Wengine walitafuta programu ya kupakua kwenye simu, kumbe ilikuwa ukurasa wa tovuti. Mtambo ulikwama mara kwa mara, na maelfu ya watu waliojitolea siku nzima, ambao kwa njia ya kawaida wangekuwa wakigonga milango, walikaa bila kazi. Hakuna ushahidi kwamba ORCA pekee ilimnyima Romney ushindi, lakini ilionyesha hatari ya zana inayotengenezwa mbali na watakaoitumia.

Machi 2013 kamati ya taifa chini ya mwenyekiti wake Reince Priebus ilitoa tathmini ya kurasa takriban 100. Ilishauri chama kiwekeze katika data na teknolojia, na pia kiunge mkono mageuzi ya sheria za uhamiaji ili kuwavutia wapigakura wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ushauri wa kwanza ulitekelezwa: aliletwa mhandisi kutoka Facebook kuongoza idara ya teknolojia, na daftari la wapigakura la chama likaboreshwa kwa gharama kubwa. Wa pili ulikataliwa na wafuasi. Mwaka 2016 Donald Trump alilirithi daftari hilo lote akiwa na ujumbe wa uhamiaji uliopingana moja kwa moja na tathmini ile. Hapa ndipo fundisho zito la historia hii lilipo: zana haichagui ujumbe, na anayeijenga hana hakika ni nani atakayeishika.

Mkuu wa kazi ya kidijitali ya Trump, Brad Parscale, aliyekuwa mtengenezaji wa tovuti San Antonio, aliweka nguvu zake Facebook. Wafanyakazi wa kampuni hiyo walikaa katika ofisi ya kampeni kusaidia, huduma ambayo kampeni ya Hillary Clinton pia ilipewa na kuikataa. Matangazo yalitolewa katika maelfu ya sura tofauti, lile lililoleta mchango au jina jipya likaongezewa fedha, lililoshindwa likaondolewa. Mantiki ilikuwa ya Viguerie. Tofauti ni kwamba jibu lilirudi kwa sekunde.

Ufundi huo ulivuka bahari, na Afrika Mashariki ikawa sehemu ya soko lake. Harris Media, kampuni ya Texas iliyowahi kuwatumikia wanasiasa wa Republican, ilitajwa katika uchunguzi wa shirika la Privacy International kuwa ilihusika na kampeni ya mtandaoni ya kumchafua Raila Odinga katika uchaguzi wa Kenya wa 2017. Cambridge Analytica, iliyofanya kazi pia kwa Trump, ilirekodiwa kwa siri na Channel 4 ya Uingereza wakati mkuu wake mmoja akijigamba kwamba ilikiandalia chama cha Uhuru Kenyatta utafiti, hotuba na mikakati. Habari hiyo ilitoka Machi 2018, mwezi uleule ilipojulikana kwamba kampuni hiyo ilitumia data za mamilioni ya watumiaji wa Facebook bila ridhaa yao. Wakati wa uchaguzi ule Wakenya hawakuwa na sheria mahususi ya kulinda data binafsi; ilipitishwa Novemba 2019. Kuwauza wapigakura wa nchi nyingine namna hiyo ni doa ambalo ufundi huu haujalifuta.

Republican walipata jibu lao kwa ActBlue mwezi Juni 2019, walipozindua WinRed. Ilileta fedha nyingi, pamoja na aibu. Kurasa za kampeni ya Trump ziliweka visanduku vilivyokwisha kutiwa alama, ili mchango wa mara moja ujirudie kila mwezi na baadaye kila wiki, na wazee wengi walijikuta akaunti zao zikikaushwa. Katika uchaguzi wa 2020 kampeni hiyo na chama walirudisha zaidi ya dola milioni 120 kwa wachangiaji.

Januari 8, 2021, siku mbili baada ya uvamizi wa Bunge la Marekani, Twitter ilimfungia Trump akaunti yake, na wahafidhina wakaona hatari ya kujenga kwenye kiwanja cha mwingine. Truth Social, mtandao wa kijamii wa Trump mwenyewe, ulifunguliwa Februari 2022. Oktoba mwaka huo Elon Musk akainunua Twitter yenyewe, na Novemba akairudisha akaunti ya Trump. Machi 2024 Tume ya Uchaguzi ya Marekani iliruhusu makundi ya nje kushirikiana na kampeni katika kazi ya nyumba kwa nyumba. Kampeni ya Trump iliwaachia sehemu kubwa ya kazi hiyo makundi kama Turning Point Action na America PAC ya Musk, ambayo yaliwapa watu programu za simu zenye orodha ya milango ya kugonga. Novemba 5, 2024 Trump alipata kura 312 za wajumbe.