Kabla Mashine Hazijacheza, Lazima Mtu Apange

Mwaka 1970, programu sita za sataranji zilishindana New York. Kompyuta nyingi hazikuwa ukumbini. Zilikuwa mbali, na hatua zilipitishwa kwa simu huku watu wakisogeza kete. Chess 3.0, ya Chuo Kikuu cha Northwestern, ilishinda.

Lakini nani alishinda hasa, programu ama mashine? Mwenye kompyuta yenye nguvu alikuwa ashatangulia. Kwa hivyo TCEC, ligi ya mtandaoni iliyoanza 2010, iliweka programu zote kwenye mashine moja, kwa muda sawa. Mwanzo mmoja wa mchezo huchezwa mara mbili, pande zikibadilishana, ili asiwepo wa kulalamika.

Leo Stockfish ni ya bure. Laptop kuukuu hapa Majengo, Meru, inaweza kuendesha ligi ndogo usiku kucha, bora stima isipotee. Na si lazima iwe sataranji. Mwaka 2002 watafiti wa Maastricht waliandika kuhusu kuprogramu bao, mchezo wa Waswahili. Kanuni za haki zipo, mchezo ni wetu. Tunangoja Waholanzi watuandalie pia ligi?