Bahari ya Durban: nani aliruhusiwa kupona?



Huku ughaibuni tumezoea kusikia habari za tiba ya kutoka nje. Mtoto aliyeteswa, askari aliyerudi vitani, mlemavu wa viungo, kijana aliyezama kwenye ulevi, wote hawa wanapelekwa mlimani, mtoni au baharini, wapande miamba, wapige makasia, wapande mawimbi kwa ubao, na wanarudi wakiwa na nafuu. Tunaambiwa ni elimu mpya. Mimi naona sivyo, na ushahidi wangu ni mji wa Durban, ambao historia yake inatugusa sisi watu wa Pwani kuliko wengi wetu tunavyojua.

Tuanze na maji yenyewe. Kila sikukuu za mwisho wa mwaka watu wa bara ya KwaZulu-Natal na Johannesburg hujazana Durban, na wengi huondoka na chupa za maji ya bahari. Maji yale ni dawa: ya kunywa kidogo, ya kuogea, ya kunyunyiza nyumbani. Alfajiri utawakuta waumini wa makanisa ya Kizayuni, kanzu nyeupe, wanabatizana kwenye povu la mawimbi. Sasa mswahili gani atashangaa? Wazee wetu walikwenda kukoga mwaka baharini, na Makunduchi mpaka leo Mwaka Kogwa ipo. Kwamba bahari inamtua mtu mzigo, hilo halikugunduliwa chuo kikuu.

Lakini bahari hiyo hiyo ndiyo iliyowaleta Durban watu wanaoitwa Wazanzibari. Mwaka 1873, baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi, na waliokombolewa, wengi wao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, wakapelekwa Natal. Kundi la kwanza, watu zaidi ya mia moja, liliteremshwa Durban Agosti mwaka ule. Wakaitwa huru, lakini huo uhuru ulianza kwa mkataba wa kumtumikia tajiri. Baadaye wengi wakaweka makazi King's Rest, kwenye rasi ya Bluff: Waislamu, wanasema Kimakua, na bahari iko pale pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya makaburu ikasema Bluff ni ya Wazungu. Wakahamishwa kwenda Chatsworth, ndani huko, mbali na maji, na kwenye vitabu vya serikali wakaandikwa "Waasia wengine". Jamani, Mmakua akawa Muasia kwa kalamu!

Haikuwa kwao tu. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenga huduma za umma iligawa hata mchanga. Ufukwe mzuri, wenye waokoaji na nyavu za kuzuia papa (Durban ilizitega tangu 1952), ulikuwa wa Wazungu. Wahindi, Machotara na Waafrika walipewa vipande vyao, na cha Waafrika ndicho kilikuwa kibaya zaidi. Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo Durban ilipopata sifa duniani kwa kupanda mawimbi. Shaun Tomson, kijana wa pale, akawa bingwa wa dunia mwaka 1977. Eddie Aikau, mwenyeji wa Hawaii, alipokuja kushindana mwaka 1972 alikataliwa hotelini kwa rangi yake, na nyumba ya akina Tomson ndiyo iliyompokea. Mwaka 1985 bingwa Tom Carroll wa Australia alikataa katakata kwenda tena Afrika Kusini.

Sasa nifikie jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Pembeni ya ufukwe wa Addington ipo hospitali ya Addington, nayo ilikuwa ya Wazungu. Agosti 1989, kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi ilipoanza, wagonjwa weusi walikwenda pale wakadai kutibiwa. Mwezi uliofuata, maelfu ya watu wakaingia ufukweni kwa nguvu ya miguu yao wakidai bahari iwe ya wote. Kabla mwaka haujaisha serikali ikatangaza kuwa fukwe zote ziko wazi, na sheria yenyewe ikafutwa 1990. Hospitali na bahari, mwaka mmoja, mahali pamoja. Watu wale hawakuhitaji mtaalamu kuwaambia kwamba vyote viwili ni afya.

Kule Ulaya fikra hii ilipitia njia nyingine. Kurt Hahn, mwalimu Myahudi aliyefukuzwa na Wanazi, alianzisha Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, pamoja na mwenye meli Lawrence Holt. Holt aliona meli zikizamishwa vitani mabaharia vijana wanakufa mapema kuliko wazee, akaamini kinachopungua si misuli bali moyo. Mbegu hiyo ikafika kwetu Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1952, mwaka ule ule Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari! Shule ilikuwa chombo cha mkoloni, hatukatai. Hata hivyo mwaka 1969, ukoloni umeshaondoka, kundi la vijana wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walifanya mazoezi pale kisha wakapanda hadi kileleni. Mlima ni ule ule; kilichobadilika ni nani anaupanda na kwa ajili ya nani.

Turudi Durban. Milango ya bahari ilipofunguliwa, umaskini haukufunguka. Watoto wa mitaani walilala eneo la Point, hatua chache kutoka ufukweni, wananusa gundi. Kila ulipokaribia mkutano mkubwa, hadi Kombe la Dunia 2010, walikuwa wanazolewa kwa magari na kuondolewa mjini ili wageni wasiwaone. Tom Hewitt na wenzake wa Umthombo (kwa Kizulu ni chemchemi) walipinga jambo hilo hadharani, na wakati huo huo wakawa wanawafundisha watoto wale kupanda mawimbi. Kazi hiyo inaendelea chini ya jina la Surfers Not Street Children. Machi 2010 mji huo huo uliandaa Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani, na vijana wa Tanzania walikuwepo. Miaka minne baadaye, Rio de Janeiro, wakalichukua.

Kwa nini wimbi limsaidie mtoto kama huyo? Aliyelala barabarani masikio yake hayalali. Anamvizia polisi, anamvizia mwizi. Wimbi linamtaka aache yote hayo kwa dakika moja, maana ukiwaza jingine unaanguka. Ukianguka, hakuna wa kukupiga. Na aliye kando yako majini mara nyingi ni kijana aliyetoka mtaa ule ule. Lakini ubao si chakula wala si kitanda. Akitoka majini jioni akarudi barazani kulala, tumemchezea tu. Ndiyo maana wenye kuifanya kazi hii vizuri huunganisha bahari na sahani, shule, mshauri, na safari ya kumrudisha kwa nyumba yake inapowezekana.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Tunapoandika juu ya tiba hizi, tusianze na ubao wala kamba ya kupandia. Tuanze na lango: nani alikuwa amefungiwa nje, na nani alilifungua? Mtoto wa Point anayeingia majini leo anapita pale waliposimama watu wa 1989. Na ng'ambo ya mlango wa bandari iko Bluff, ambako Wazanzibari wetu waling'olewa. Ruhusa ya kuwa pale, bila kufukuzwa, nadhani ni nusu ya dawa yenyewe.

Naomba kuwasilisha. Mwenye wazee waliozaliwa King's Rest atusimulie.